Deki ya Munira

Bi Swaumu Abbasi alikuwa opereta wa simu mjini Dodoma kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote waliomfahamu kwa sura walikuwa wachache sana. Watu walimjua kwa sauti. Aliajiriwa mwaka sitini na tisa, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeteremka kutoka Haubi, huko milimani Kondoa, na cheti chake cha darasa la nane ndani ya bahasha. Walimkalisha mbele ya ubao uliojaa matundu na nyaya zenye vichwa vya shaba, wakamvisha vifaa vya masikioni, wakamwambia asikilize kwanza kwa wiki mbili kabla hajafungua mdomo. Alisikiliza. Baadaye alipofungua mdomo, maneno yake yalikuwa yale yale kila siku: "Dodoma hapa. Nikuunganishe na nani?"

Mwaka tisini na sita ikaingia mitambo mipya, ile isiyohitaji mkono wa mtu, na kazi ikaisha. Wenzake wengine walilia. Swaumu alikunja sweta lake alilokuwa akiliacha kwenye kiti, akawaaga mafundi mmoja mmoja, akaenda nyumbani kwake Majengo kufuga kuku. Hakuna aliyemsikia akilalamika, lakini pia hakuna aliyemsikia akiisifia simu ya mkononi.

Mumewe, Mzee Hasani, alikuwa dereva mstaafu wa idara ya maji, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Walikuwa na mtoto mmoja, Munira, ambaye mwaka elfu mbili na nne alipata nafasi ya kwenda Finland kusomea udongo na misitu. Kwa Hasani hilo lilikuwa jambo la kusemwa kila siku. Mtu akimsalimu sokoni, kabla hajajibu vizuri alikuwa ameshafika Finland.

Mwaka uliofuata, mwezi Mei, mwanafunzi mmoja aliyerudi likizo aliwaletea mzigo. Ndani yake mlikuwa na deki. Haikuwa deki ya kawaida ya kuchezea mikanda wala ile ya diski tu. Hii nyuma yake ilikuwa na tundu la waya wa intaneti, nayo ikiunganishwa na televisheni iliweza kufungua redio za dunia nzima. Barua ya Munira ilieleza sababu. Redio ndogo ya mji ule ilikuwa imempa nusu saa, Jumamosi, saa kumi alasiri, azungumze kwa Kiswahili na Waswahili waliokuwa wakiishi kule. Wakati wa kiangazi chao, aliandika, saa ya kule na ya Dodoma ni moja. "Nimeitumia deki hii hosteli mwaka mzima. Mkiiunganisha mtanisikia kama niko chumba cha pili."

Hasani aliisoma barua mara mbili, akavaa kofia, akatoka. Aliporudi magharibi alikuwa ameshaalika watu.

"Wangapi?" Swaumu aliuliza.

"Si wengi. Wale wa msikitini. Na nimempigia dada yako Joha, atateremka na basi la Ijumaa. Na jirani zetu hapa."

"Baba Munira, deki bado imo ndani ya boksi."

"Itatoka," alisema Hasani.

Nyumba ya tatu kutoka kwao palikuwa na duka la intaneti la Bwana Optatus, mstaafu wa wizara aliyetoka Mbinga na kuamua kuzeekea Dodoma. Juu ya bati lake lilikaa dishi kubwa lililoelekea angani, na fundi wake, Erick, kijana mwenye stashahada ya kompyuta, alikuwa ameshavuta waya hadi kwenye nyumba mbili za jirani. Jumanne akavuta wa tatu, akaupitisha juu ya ukuta wa banda la kuku, akauingiza kwa Bi Swaumu kupitia dirishani.

Erick alikuwa mwenye adabu. Alitoa shikamoo, akavua viatu, akakataa chai mara moja na kuikubali mara ya pili. Alifungua ukurasa wa mipangilio ya deki kwenye televisheni, akabadilisha namba fulani kwa rimoti, kisha akaandika jina la redio kama Munira alivyoliandika kwenye barua. Kioo kikakaa kimya, halafu kikatoa maandishi ya Kiingereza kwamba kituo hakikupatikana. Akajaribu tena. Alizima, akawasha. Jumatano alikuja na waya mpya, Alhamisi akaja na kiunganishi kingine. Maandishi yalikuwa yale yale.

"Mama," alisema Alhamisi jioni akifunga begi lake, "deki imeumia safarini. Mizigo ya ndege wanaitupatupa. Ingekuwa kompyuta ningeifungua, lakini hizi hazifunguliki."

"Waya una uhai?" Swaumu aliuliza.

"Una uhai. Unaona kitaa hiki kinavyopepesa?"

"Na ukiingiza huo waya kwenye kompyuta yako?"

"Intaneti inapita vizuri. Ndiyo maana nasema tatizo ni deki. Wewe pumzika tu, Mama. Haya mambo ya IT yana uchawi wake."

Swaumu alimsindikiza hadi mlangoni, akamshukuru. Hilo neno la kupumzika lilimkaa kifuani. Kwa miaka tisa watu walikuwa wakimwambia apumzike.

Ndani, Hasani alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi. Mdomo ulikuwa umemponza kichwa na alijua.

"Niwaambie wasije?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo Swaumu hakuizoea.

"Joha ameshakata tiketi?"

"Ameshakata."

"Basi waache waje," alisema Swaumu. "Kesho asubuhi usinisemeshe mpaka nikuite."

Ijumaa, kuku walipokwisha kula, alivuta kiti mbele ya televisheni, akavaa miwani, akaweka daftari magotini. Hakugusa kitu kwanza. Alikuwa anakumbuka namna walivyofundishwa kutafuta laini iliyokufa. Simu ya Mpwapwa isipoita, hukimbilii kusema Mpwapwa pameharibika. Unaanza na kipande kilicho karibu na mkono wako, unakihakikisha, unasogea kituo kimoja mbele, unahakikisha tena, mpaka ufike mahali ambapo hapaitikii. Fundi anayeanzia mwisho wa njia, walikuwa wakisema, hushinda porini bure.

Waya ulikuwa na uhai, Erick mwenyewe alithibitisha. Deki iliwaka, iliandika, iliitika rimoti. Kisichojulikana kilikuwa katikati. Alichukua simu ya mkononi, akakwangua vocha, akampigia mwanawe.

Munira alikuwa maabara. "Mama, mimi hizo namba sizijui," alisema. "Aliyenipangia ni rafiki yangu wa hosteli. Nimuulize nini?"

"Muulize kama redio hiyo ina namba. Kila jina lina namba yake mahali. Nitumie namba."

Baada ya dakika ishirini ujumbe ukaingia: mafungu manne ya tarakimu, yametenganishwa kwa nukta. Swaumu aliyaandika daftarini, akayasoma kwa sauti, akayalinganisha na ya kwenye simu. Kisha kwa rimoti, tarakimu moja baada ya nyingine, akayaingiza pale Erick alipokuwa akiandika jina la redio. Akabonyeza.

Televisheni ilikohoa kidogo, kisha sauti ya mwanamume ikajaa sebuleni. Alikuwa anazungumza polepole lugha ambayo Swaumu hakupata kuisikia, na nyuma yake kinanda kikipigwa.

Hakuruka wala hakumwita mtu. Alikaa akimsikiliza yule mgeni kwa muda, mikono juu ya daftari, akijisikia kama mtu aliyerudi chumba alichokuwa akifanyia kazi na kukuta taa bado inawaka. Deki haikuumia. Njia ya kwenda Finland ilikuwa wazi.

Akampigia tena Munira kumpa habari, na Munira akacheka kwa furaha, kisha akapiga mwenyewe baada ya kuongea na rafiki yake. "Mama, anasema ukiita kwa namba unapata idhaa ya kwanza peke yake. Kipindi changu kiko idhaa ya pili, na ile haifunguki ila kwa jina."

"Sawa," alisema Swaumu. "Basi tatizo liko kwenye jina."

Hili alilifahamu vizuri kuliko kitu chochote duniani. Watu hawakuwahi kumpa namba. Walimwambia, "Nipe Mkuu wa Wilaya Kongwa," au, "Nataka kwa Mhindi mwenye kinu pale Mlali," naye aliligeuza jina likawa namba, kwa kichwa chake au kwa kuwauliza watu wa maulizo. Laini ingeweza kuwa nzima kutoka Dodoma mpaka Kongwa, lakini wa maulizo asipokuwa mezani kwake, mteja angeambiwa hapatikani. Deki nayo lazima ilikuwa na mtu wake wa kumuuliza. Ni nani, na yuko wapi?

Akafungua ukurasa wa mipangilio. Ulikuwa na safu tatu za namba. Ya kwanza na ya pili zilianza sawa, moja-tisa-mbili, kama watoto wa baba mmoja. Ya tatu, iliyokuwa na herufi DNS ubavuni, ilianza tofauti kabisa. Swaumu alizinakili zote tatu, akajitanda khanga, akaenda dukani kwa Optatus.

Erick alikuwa akimwandikia mteja barua. Swaumu alisubiri amalize, kisha akamwekea daftari mezani.

"Nisaidie, mwanangu. Safu ya kwanza ni nini?"

"Hiyo ni anwani ya deki yenyewe. Niliiweka mimi."

"Ya pili?"

"Mlango wa kutokea. Ni mtambo wetu huu hapa. Hiyo pia niliiweka mimi."

"Na ya tatu?"

Erick alitazama. "Hiyo niliikuta imejazwa, nikaiacha."

"Aliyeijaza nani?"

Kalamu ya Erick ilibaki imesimama vidoleni.

"Munira aliitumia hosteli mwaka mzima," Swaumu aliendelea taratibu. "Nadhani huyo wa safu ya tatu ndiye deki inamuuliza namba za majina. Naye ni wa chuo chao, anakaa ndani ya chuo chao. Sisi huku tunapiga hodi kutoka Majengo. Unafikiri atatujibu?"

"Hawezi kutujibu," alisema Erick, kama anayejisemea mwenyewe. "Hajibu watu wa nje. Mama, siku tatu nzima nimebadilisha waya." Aliweka kalamu chini, akainamia kompyuta yake, akafungua dirisha moja na jingine. "Wetu sisi ni huyu. Andika."

Akamsomea. Swaumu aliandika, na kwa kila fungu alilirudia kwa sauti, akipumzika kidogo kwenye nukta, akiinua tarakimu ya mwisho ya kila fungu ili isikike, kwa vile ndiyo inayomezwa na upepo wa laini. Hakuwa na habari kwamba anafanya hivyo. Ndivyo mdomo wake ulivyojua kutaja namba.

Bwana Optatus, aliyekuwa kwenye meza ya mbele akisoma gazeti, alilishusha. Akavua miwani.

"Samahani, mama. Uliwahi kufanya kazi simu?"

"Miaka ishirini na saba."

"Pale mjini? Miaka ya themanini ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Optatus alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na alisimama kama wanavyosimama watu wa ofisi za zamani anapoingia mkubwa. "Mwaka themanini na tatu mke wangu alijifungua kule Mbinga, nami niko hapa wizarani. Nilipiga simu ya misheni tangu asubuhi, laini inakatika. Opereta wa Dodoma akaniambia, 'Kaa karibu na simu yako, usiende kula.' Saa kumi na moja jioni akaniita, akasema, 'Mbinga huyo, zungumza naye.' Alikuwa amekwenda kwa kuzunguka, kituo kwa kituo. Sikumjua jina."

Swaumu alifikiri. Simu za namna hiyo zilikuwa nyingi mno. "Inawezekana nilikuwa mimi," alisema. "Tulikuwa wanne. Lakini mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Basi hongera," alisema Swaumu, na wote watatu wakacheka.

Alirudi nyumbani, akafuta safu ya tatu, akaandika namba mpya, akahifadhi. Akaliandika jina la redio, la idhaa ya pili. Kioo kikakaa kimya kama kawaida yake. Akaihesabia moyoni, kama alivyokuwa akihesabu akiisubiri Kondoa iitike, enzi za laini za nguzo za miti. Alipofika tisa, mwanamke akaanza kuimba.

"Baba Munira," aliita. "Unaweza kuja sasa."

Jumamosi watu walijaa mapema. Joha, dada yake mkubwa, alikuwa amefika na basi la jana akiwa na kibuyu cha asali, na sasa alikaa mbele kabisa kwenye mkeka. Wazee wa msikitini walipewa viti. Majirani walisimama dirishani. Hasani alizunguka na birika, asimalizie sentensi hata moja.

Saa kumi kasorobo sauti ikaanza kukatika. Maneno yalikuja vipande vipande, kama redio ya betri iliyochoka. Hasani alimtazama mkewe. Swaumu hakugusa rimoti. Aliangalia kitaa nyuma ya deki, akakiona kinapepesa bila kupumzika.

"Njia ni nzima," alisema. "Imejaa tu. Jumamosi jioni vijana wote wako dukani. Nenda kamwambie Bwana Optatus."

Hasani alikwenda mbio, na umri wake. Optatus alimsikiliza, kisha akasimama katikati ya duka lake lenye wateja tisa. "Jamani, naomba nusu saa," alisema. "Kuna simu inaunganishwa." Wengine walinung'unika, lakini akawagawia soda kutoka kwenye friji, na mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Yeye na Erick wakaja na kusimama mlangoni kwa Swaumu.

Saa kumi kamili muziki ukakoma, na Munira akasema, "Salaam aleikum na habari za jioni, popote mlipo."

Midomo ya wazee watatu ilitikisika, ikiitikia salamu.

Alizungumza habari za udongo. Alieleza makorongo ya Haubi, yalivyokuwa yakila mashamba mwaka hadi mwaka mpaka njia ya kwenda kisimani ikabadilishwa mara nne. Alieleza siku serikali ilipowaamuru watu wahamishe mifugo ili milima ipumzike, na machungu ya siku hiyo, ng'ombe wakiteremshwa kwa vumbi na wanawake wamesimama milangoni. Kisha akaeleza nyasi zilivyorudi. Alimtaja bibi yake aliyepanda mkonge ukingoni mwa korongo, mche mmoja kila mvua inyeshapo, watu wakimcheka, na kwamba walimu wake Finland walipoiona picha ya ukingo ule walimuuliza ni mhandisi gani aliyeupanga.

"Ni mama huyo," Joha alisema, mkono mdomoni. "Swaumu, anamsema mama."

Swaumu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameinamisha sikio upande mmoja, na machozi yalikuwa yanateremka bila yeye kuyashughulikia. Alikuwa akisikia Munira anavyomaliza kila neno kabla ya kuanza jingine, asivyokimbia, anavyomwachia msikilizaji nafasi. Hakumfundisha mtoto jambo hilo. Alilichukua mwenyewe, pengine tangu mgongoni.

Nusu saa ilipokwisha, wazee walisimama kumshika Hasani mkono. "Hongera, baba. Umezaa." "Mungu akukuzie." Hasani alipokea mikono miwili mitatu, kisha akainua kiganja kuwazuia, na watu waliomzoea wakajiandaa kwa hotuba ndefu.

"Mtoto ni wetu wote wawili," alisema. "Lakini jana asubuhi mimi nilikuwa nimekaa uani nikifikiria nitaficha wapi uso. Fundi alishasema deki imekufa. Sauti mliyoisikia imeunganishwa na mama yake, peke yake, kwa daftari na rimoti. Mkono wa hongera mpeni yeye." Akakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Wakamgeukia. Swaumu, aliyezoea kusikiwa bila kuonekana, hakujua aweke wapi mikono yake. Akaiacha ichukuliwe.

"Ng'ombe hazeeki maini," alisema Optatus kutoka mlangoni.

Erick ndiye aliyebaki wa mwisho. Alisubiri watu wapungue, akachuchumaa karibu na kiti chake.

"Mama, wateja wawili wengine wana tatizo la kwenye jina. Kwa namba wanapita, kwa jina hawapiti. Nilikuwa nimewaambia mashine zao mbovu."

"Uliwaambia lini?"

"Mwezi uliopita."

Swaumu alimtazama juu ya miwani, si kwa ukali. "Jumatatu saa mbili tutakwenda wote," alisema. "Wewe utaangalia mimi nikifanya kwa wa kwanza. Kwa wa pili, mimi nitakaa kimya."

Alikwenda Jumatatu ile, na Jumatatu nyingine nyingi. Optatus alimpa meza na kiti kizuri, na kabla mwaka haujaisha makarani wa Bunge na wahasibu wa wizara walikuwa wakifika Majengo na kompyuta zao mikononi wakimuulizia Bi Swaumu. Wengine, alipoanza kuwauliza maswali yake, moja baada ya jingine na bila haraka, walikunja uso kidogo na kusema kwamba sauti hii wameshaisikia mahali, ila hawakumbuki ni wapi.

"Haidhuru," alikuwa akiwajibu. "Tuendelee. Safu ya kwanza inasemaje?"